Nani Alikwambia?

Jumatatu, 4 Novemba

Madam Recheli ametuambia kila mmoja aandike shajara muhula mzima, na kwamba yeye hataisoma. Simwamini, lakini nimeanza. Naitwa Irankunda. Niko mwaka wa pili hapa chuoni Tabora, nasomea ualimu. Nimechukua kozi ya uandishi kwa sababu sekondari insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Nimepanga chumba Gongoni pamoja na Julieth, msichana wa Nzega, ambaye ameichukua kozi hii kwa sababu mimi nimeichukua.

Kazi yenyewe ni kuandika kisa kimoja kirefu cha kweli. Januari tutavisoma visa vyetu mbele ya wageni ukumbini. Mwisho wa muhula kila mtu ataandika tafakuri: amekuaje kama mwandishi. Julieth akaninong'oneza, "Mimi nilishakua, labda sasa ninenepe."

Joto. Mawingu yanapita tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Insha ya kwanza imerudi. Niliandika juu ya soko. Nilianza na "jua la utosi likitema cheche za ghadhabu", sentensi ambayo nilikaa nayo jioni nzima. Madam ameikata. Amekata kila nilichokipenda, na chini ameandika: "Unapamba. Nyumba iko wapi?"

Nyumba gani? Insha ilikuwa ya soko.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua ya kwanza. Nimempigia mama. Kasema kwao Ulyankulu imenyesha tangu juzi na ameanza kuhamisha miche ya tumbaku. Kuhusu masomo hakuuliza. Nimeandika "kwao". Ni kwetu.

Jumamosi, 16 Novemba

Madam ametupeleka Kwihara, tukatembea kipande cha njia ya zamani ya misafara. Ni njia ya kawaida tu, ina mahindi pembeni na mbuzi wa watu. Akasema tukae chini tuandike tunachokiona. Sote tukaandika wapagazi. Mimi niliandika pembe za ndovu, minyororo ikilia, na jasho likichuruzika kama mto Igombe wakati wa masika. Madam akasimama nyuma yangu, akasoma, akauliza taratibu:

"Irankunda, nani alikwambia minyororo ililia?"

"Madam, si inajulikana?"

"Mimi nimekuuliza nani alikwambia wewe."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Kama kila kitu lazima uambiwe na mtu, basi mwandishi kazi yake nini?

Jumanne, 19 Novemba

Nimekiandika kisa. Kimetoka chote kwa mkupuo. Nilikaa kitandani mvua ikipiga bati, na Julieth akanipikia ugali bila kuombwa.

Ni kisa cha baba. Baba yangu, Aleksi Ntahomvukiye, alivukishwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati watu wanakimbia vita. Mama yangu, Janeti, alizaliwa hukohuko Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Walioana, wakalima tumbaku, nikazaliwa mimi. Nilipokuwa na miaka mitano wakimbizi wa zamani wakaambiwa wachague kuwa raia wa Tanzania au kurudi. Malori yakaja kuwachukua wanaorudi. Baba akapanda, akasema akishapata kiwanja atatuita. Hakutuita.

Nimeandika jinsi nilivyosimama barabarani nimeshika khanga ya mama, nikipunga mkono mpaka vumbi likatua. Nimeandika, "Mama hakulia." Nimeandika, "Baba hakugeuka nyuma, kwa kuwa moyoni alikwisha kutusahau." Hakuna jua lenye ghadhabu humo. Sikulihitaji.

Julieth amekisoma akalia, kisha akanipiga begani. "Shosti, umeua."

Jumanne, 26 Novemba

Madam ameniita ofisini. Nilikwenda kifua mbele.

"Hapa nyumba nimeiona," kasema. "Ni kazi nzuri. Nataka usome wewe wa mwisho siku ya hafla. Redio ya hapa mjini watakuja kurekodi."

Nikashukuru. Ndipo akanirudishia karatasi. Pembeni, kwa penseli, mahali patatu: *Nani alikwambia?* Pa kwanza, "Mama hakulia." Pa pili, "Baba hakugeuka nyuma." Pa tatu, "alikwisha kutusahau."

"Madam, mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Basi likizo hii nenda kamuulize. Usibadilishe kitu kwanza. Kamuulize tu."

Sasa sijui kama kazi yangu ni nzuri au mbaya. Mtu anaposema ni nzuri halafu akaitoboa mahali patatu, uchukue lipi?

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Umeme hakuna. Sijaandika.

Jumatatu, 9 Desemba

Mtihani wa saikolojia ya elimu. Nafikiri nimefaulu. Nafikiri.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimefika nyumbani nimelowa tope mpaka magotini, kwa kuwa basi lilikwama na abiria tulilisukuma. Mama amekonda. Macho yake yana ukungu fulani, anayapepesa na kuyapangusa. Nilipomwamkia alinishika uso kwa mikono miwili, akanichunguza kama anayenunua kitu. "Umekuwa mtu wa mjini," akasema kwa Kirundi. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu.

Jumatano, 25 Desemba

Misa. Kuku. Kila mtu amemsifu mama kwa kunisomesha peke yake. Mzee Damas, katekista wetu, alisema mbele za watu, "Mungu hamwachi mwanamke aliyekimbiwa." Mama akainamisha kichwa. Nikafikiria kisa changu kwenye begi, nikajisikia fahari.

Ijumaa, 27 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye maharage.

Leo mvua haikuturuhusu kwenda shamba. Mama alikaa mlangoni kwenye mwanga anachambua maharage, mimi nikakaa kwenye kigoda nikamsomea. Nilisoma vizuri, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Nzuri," akasema. "Umeiandika vizuri sana."

Nikafurahi. Akatupa jiwe nje, akaendelea:

"Ila barabarani hukuwepo."

"Mama, nakumbuka kabisa. Nilikuwa nimeshika khanga yako."

"Khanga uliishika. Barabarani hukuwepo. Labda uliwaona watoto wengine siku nyingine, malori yalikuja mara nyingi."

"Tulikuwa wapi?"

"Ndani ya bani la Mzee Damas. La kukaushia tumbaku. Kilikuwa kiangazi, lilikuwa tupu. Nilifunga mlango kwa ndani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Baba yako alisema tunarudi. Nikamwambia, wewe unarudi. Mimi nitakuwa ninakwenda. Nilizaliwa hapa, nilibatizwa hapa, mama yangu nimemzika pale kwenye mihogo. Nirudi wapi? Akasema mke humfuata mumewe. Tulibishana miezi. Alilia yule, Ira. Alilia siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Mimi ndiye sikulia. Hapo umepatia."

"Mlikubaliana tubaki?"

"Tulikubaliana tuende. Nilifunga mizigo pamoja naye. Asubuhi nikasema nakwenda kumuaga Mama Damas, nikakubeba."

"Alitutafuta?"

"Aliita. Alikuwa anaita jina lako. Nilikuziba mdomo kwa khanga, ulikuwa na kikohozi. Lori likapiga honi, likapiga tena. Halafu likaondoka."

Mkono wake ulikuwa bado unatembea ndani ya ungo, unatenga mazima na yaliyotobolewa. Nikamuuliza kama ni kweli hakutuita.

"Alipiga simu miaka miwili, kwa Mzee Damas. Mwishoni nikamwambia asipige. Sasa ana mke huko."

"Mzee Damas anajua?"

"Anajua mume alipiga, na mimi nilikataa kwa hasira ya kukimbiwa. La bani hajui mtu. Watu wenyewe walisema, maskini Janeti, mume kamtoroka. Sikusema neno. Wakanisaidia kulima mwaka ule. Bibi yako, mzaa baba, kabla hajafa alinishika mkono akaniomba msamaha kwa ajili ya mwanawe. Nikamwacha aniombe."

Hapo ndipo aliacha kuchambua.

"Soma hiyohiyo uliyoandika," akasema. "Hata kwenye redio. Hiyo ndiyo ninayoishi nayo."

Nilitoka nikatembea kwenye mvua. Mtu alinisalimia, sikumwitikia. Nilikuwa nimekasirika, lakini kila nilipojaribu kumkasirikia mtu mmoja, alijitokeza mwingine. Nilimkasirikia mama kwa kuninyima baba, kisha nikamkasirikia baba kwa kutaka kumhamisha mama kama gunia. Kisha Madam Recheli, kwa penseli yake. Kama asingeniuliza ningekuwa nimekaa pale na kisa kizuri.

Jumapili, 29 Desemba

Tumepanda tumbaku siku mbili. Tunasemezana "nipe maji" na "sogea". Nimemtazama mgongo wake anapoinama. Kwa miaka yote nimemwona mwanamke aliyeachwa. Mgongo ni uleule.

Jumatatu, 6 Januari

Tabora. Nimemsimulia Julieth. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akaja juu.

"Wewe usinichanganye! Mimi nililia kwa ile ya kwanza. Sasa nifanye nini na yale machozi?"

"Hata mimi sijui."

"Mama kasema usome ipi?"

"Ya kwanza."

"Basi soma ya kwanza. Kisa ni cha kwake."

"Na mimi je? Aliyezibwa mdomo ni mimi."

Julieth akaenda kununua chapati.

Jumapili, 12 Januari

Nimeandika toleo la pili, lenye bani na khanga mdomoni. Ni zuri kuliko la kwanza, na hilo ndilo linaloniumiza. Mkono wangu ulifurahi kuandika juu ya bibi kuomba msamaha. Nilikuwa nasema "safi" peke yangu. Safi nini?

Jumanne, 14 Januari

Nimempelekea Madam matoleo yote mawili. Amesoma mbele yangu, akavua miwani.

"Unataka nikwambie usome lipi?"

"Ndiyo, Madam."

"Sitakwambia."

"Wewe ndiye uliyenituma nikaulize!"

Nilipandisha sauti. Sijawahi kumpandishia mwalimu sauti. Hakunikemea. Alisema, "Ni kweli, nilikutuma. Na sikufikiri mbali." Kisha akaniuliza, "Hili la pili likisomwa redioni, nani atalima na mama yako mwakani?"

Akaongeza kwamba la kwanza nalo, sasa, nikilisoma nitakuwa nalisoma nikijua. Asante sana. Hilo nilishaliona mwenyewe.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua tangu asubuhi. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 25 Januari

Hafla imekwisha. Ukumbi ulijaa. Julieth alisoma kisa cha babu yake na baiskeli iliyoibwa, watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Kisha nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimeamua kusoma la kwanza, kama mama alivyotaka. Nilisoma vizuri. Baba akafunga mizigo, malori yakaja, vumbi likatimka. Nikafika kwenye sentensi ya mimi kusimama barabarani kupunga mkono. Niliiona pale kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu, na mdomo ukakataa. Nilijaribu. Nikasema "Mimi," nikasimama. Mtangazaji wa redio alikuwa amenyoosha kipaza sauti. Nikakunja karatasi nikaenda kuketi.

Walipiga makofi! Walidhani ndio mwisho. Mama mmoja mgeni alikuwa anafuta machozi. Julieth akanirukia: "Kumbe ulikuwa na mwisho mwingine? Umeua tena!" Mkuu wa chuo alinipa mkono, akasema huo ndio uandishi wa kisasa, unamwachia msomaji.

Madam Recheli peke yake ndiye hakupiga makofi. Alikuja akanipa chupa ya maji.

Nimesifiwa kuliko siku zote za maisha yangu, kwa kushindwa kusoma.

Jumatano, 29 Januari

Redio imerusha. Mama akapiga jioni.

"Mbona hukumaliza?"

"Nilishindwa, Mama."

Nilisikia kuku wake.

"Mzee Damas anasema imekatika kwa sababu ya mtandao," akasema, kisha akacheka kidogo, nami nikacheka. Tangu maharage yale hatukuwa tumecheka. Kisha akasema macho yamezidi, atakuja hospitali ya Kitete kuonwa.

Jumatatu, 10 Februari

Mama yuko hapa. Amelala kitandani kwangu, mimi na Julieth tumebanana. Kitete wamempa dawa ya matone na miadi nyingine. Julieth anamwita mama na kumwamkia kila anapoingia, hata akitoka kuchota maji tu. Mama anampenda.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai, nilimwambia, "Nataka kuongea na baba."

Hakushtuka. Alitaja namba kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, kama anayesali. Mwanamke aliyesema asipigiwe.

"Akikuuliza chochote, mwambie ukweli," akasema. "Yeye si mtu wa kijijini." Akachukua ndoo akaenda uani kufua, ingawa hakukuwa na nguo chafu. Zilikuwa zimefuliwa jana.

Nilipiga. Akapokea mwanamume, sauti nyembamba kuliko niliyokuwa nimempa kwenye kisa.

"Shikamoo. Mimi ni Irankunda. Wa Ulyankulu. Wa Janeti."

Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu," na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha Ulyankulu, kana kwamba hajawahi kuondoka. Akauliza kama mama mzima. Nikasema mzima, macho tu. Akauliza nasoma nini. Nikasema ualimu. Akasema vizuri, akarudia vizuri, akarudia tena.

Hakuniuliza nilichokuwa nimejiandaa kujibu. Basi nikasema mwenyewe.

"Baba, siku ile ya lori tulikuwa ndani ya bani. La Mzee Damas."

"Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

Ilitoka tu mdomoni.

"Wewe," akasema. "Nilifika mpaka mlangoni. Ulikohoa. Nilikuwa nimeshika ule mlango, Ira. Ulikuwa mlango wa mabanzi, ningeuvuta mara moja ungetoka. Honi ikalia. Nikasimama. Nikaona, nikiuvuta nitampata Janeti, lakini nitampata vipi? Nikarudi barabarani, nikaita jina lako mara nyingine, kwa nguvu, ili wenzangu waone natafuta."

Sikumbuki tulimalizaje. Alisema ana watoto watatu huko na kwamba mdogo anafanana na mimi, ingawa sijui anajuaje ninavyofanana.

Nilikwenda uani. Mama alikuwa anakamua shuka safi. Nikamwambia yote kama nilivyoambiwa, bila kuongeza. Alisimama na shuka mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Mlangoni?"

"Mlangoni. Alisikia nakohoa."

"Miaka yote mimi nasema nilimshinda," akasema. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliufunika uso kwa shuka lililolowa, na mabega yakaanza kutikisika. Nilisogea nimshike, nikaona sijui kama analia au anacheka. Kwa ndani ya shuka akasema, "Kumbe Aleksi aliniacha."

Nimekaa na neno hilo siku nzima. Sijui alisema kama aliyeachwa au kama aliyeachiwa. Sikumuuliza.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekabidhi tafakuri. Ilitakiwa kurasa tano, nimepeleka ukurasa mmoja na robo. Nimeandika kwamba mwezi wa Novemba nilikijua kisa cha wazazi wangu vizuri kabisa, na nilikiandika kwa mkupuo. Sasa nimewasikiliza wote wawili na sikijui. Sijui kama huko ni kukua. Nimeandika pia kwamba naomba visa vyote viwili virudishwe kwangu, visiwekwe kwenye jarida la chuo. Madam alivitoa kwenye droo palepale, akanipa.

Mchana nikamsindikiza mama kituo cha mabasi. Ameweka matone ya dawa, macho yamemwiva. Alipanda, akapata kiti cha dirishani, akanifungulia kioo.

"Siku nyingine ukimpigia," akasema, "na mimi niwepo."

"Uongee naye?"

Akafikiri. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi, twende, twende.

"Nisikilize tu," akasema mama.